Ukuta wa Sirhind

Figili ile alinimenyea dalali mwenyewe, kwa kisu cha kukatia kamba za magunia, akainyunyizia chumvi na kunipa kwa mkono wa kulia, kama anayempokea mgeni kwa kahawa. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa Disemba, na ukungu umelalia soko la mboga la Malerkotla hata mtu unaanza kuona kilemba chake, uso unafuata baadaye. Koliflawa zilirundikwa kama vichuguu. Karoti za huko ni nyekundu, na huoshwa mpaka zing'ae. Mkulima Msikh, dalali Mwislamu, mchukuzi Baniani mwenye alama nyekundu pajini, wote watatu waligombania bei ya njegere kwa Kipunjabi kimoja, na kwa kelele sawa.

Punjab sikwenda kutembea. Kaka yangu mkubwa alikuwa amelazwa Ludhiana, kama kilomita 45 kutoka hapo, akisubiri kupasuliwa moyo. Familia ilinichagua mimi kumsindikiza kwa kuwa nimestaafu ualimu na nina Kihindi cha kuokoteza kwenye filamu. Kaka ndiye aliyenifukuza wodini. "Nasikia kuna mji wa Waislamu huko chini," aliniambia. "Nenda kauone. Usikae hapa kunihesabia pumzi."

Kweli ni mji wa Waislamu, na ajabu yake ndiyo hiyo. Punjab ilipokatwa vipande viwili mwaka 1947, Waislamu wa upande wa mashariki walikimbilia Pakistani au waliuawa njiani. Wahindu na Wasikh, hawa tuliozoea kuwaita Makalasinga, yaliwapata hayohayo upande wa magharibi. Watu zaidi ya milioni 10 walihama. Leo katika Punjab ya India Waislamu hawafiki 2 kwa kila 100. Lakini Malerkotla, ambako sensa ya 2011 ilihesabu watu 135,000 na ushei, Waislamu ni kama theluthi mbili. Hawakuondoka kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaondoa. Mji ulikuwa makao ya dola ndogo ya nawabu, mtawala Mwislamu, na katika dola jirani, Patiala, Nabha na Jind, damu ilimwagika. Aliyewahi kuvuka mpaka wa Malerkotla alipona. Ukiwauliza wenyewe sababu, wapo watakaotaja majeshi ya nawabu yaliyolinda mipaka, wapo watakaotaja baraka za Haider Shaikh, walii aliyeanzisha mji katika karne ya 15. Wengi watakurudisha nyuma miaka 243 kabla ya hiyo 1947, kwenye ukuta.

Ilikuwa Disemba 1704. Guru Gobind Singh, Guru wa kumi wa Wasikh, alikuwa vitani na maliwali wa dola ya Mughal. Wanawe wawili wadogo, Zorawar Singh na Fateh Singh, walipoteana naye wakiwa na bibi yao, wakakamatwa na kupelekwa kwa Wazir Khan, liwali wa Sirhind. Mkubwa alikuwa na miaka kama 9. Mdogo alikuwa katika umri wa kung'oka meno. Wakaambiwa wasilimu, wakakataa. Masimulizi ya Wasikh yanasema ofisa mmoja barazani alitoa hoja ambayo Mswahili yeyote anaijua: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ikaamuliwa wajengewe ukuta wakiwa hai.

Barazani hapo alikuwapo Sher Mohammad Khan, nawabu wa Malerkotla. Hakuwa rafiki wa Guru. Alimpiga vita, na inasimuliwa kuwa nduguye alikuwa ameuawa katika vita hivyo siku chache kabla, hata liwali akamwambia: haya, kisasi chako hiki hapa. Nawabu akakataa. Alisema ugomvi wake ni na baba, watoto hawamo, na kwamba dini yake haimruhusu kuwagusa. Akapaza sauti ya uchungu, "Haa!", akatoka zake. Watoto wakauawa vilevile.

Naomba msomaji alishike hilo la mwisho, maana wasimuliaji hulipita mbio. Sauti ile haikuchelewesha hata tofali moja. Wala nawabu hakugeuka mtu mwingine baada yake. Mwaka 1710, jeshi la Wasikh chini ya Banda Singh lilipomkabili Wazir Khan kule Chappar Chiri na kumwua, Sher Mohammad Khan alikuwa upande wa Wazir Khan. Lakini inasemekana Guru alipopata habari za kifo cha wanawe aliuliza kama kuna hata mmoja aliyewatetea, akatajiwa huyo, naye akaiombea baraka nyumba ya Malerkotla. Sirhind ilivunjwa, Malerkotla ikabaki. Mjini hapo kuna gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, inayoitwa Haa da Naara: ukelele wa "haa". Mimi sijapata kuona pengine ambapo watu waliipa nyumba ya Mungu jina la sauti ya adui wao.

Chuoni tulifundishwa ngazi tatu za kuukataa uovu: mkono, ukishindwa ulimi, ukishindwa moyo. Nawabu alikuwa na askari na farasi, akachagua ulimi. Ningekuwa kijana ningemhukumu hapohapo. Lakini Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi Kenya, nilikuwa nafundisha Nakuru, na jioni moja kwenye genge la nyama choma niliwasikia watu ninaowajua wakitaja nyumba za mtaa wetu moja moja: hii ya nani, ile ya nani, wametoka wapi. Watoto wa nyumba mbili kati ya hizo nilikuwa nawasomesha. Sikusema kitu. Nililipa nyama yangu nikaenda kulala. Nyumba hizo hazikuchomwa, alhamdulillahi, kwa sababu zisizonihusu hata kidogo. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akiuliza "kelele ilisaidia nini?" huwa nauliza nami kimya kimesaidia nini.

Hata hivyo swali lililonishika pale sokoni lilikuwa jingine. Dalali, mzee wa makamo mwenye ndevu za hina, alinieleza habari za 1947 kama mtu anayesoma hesabu iliyokwisha kufungwa. Nawabu alikopesha, wajukuu wakalipwa.

"Mwalimu," alisema, baada ya kujua kazi niliyokuwa nikifanya, "mtu akipanda mwembe, hali yeye."

"Na wale wa Patiala?" nikamwuliza.

"Wale, babu zao hawakusema kitu."

Alilisema bila ubaya, huku akipanga vijiwe vya mizani. Lakini likanikwama kooni. Maana mtoto aliyeuawa Patiala mwaka 1947 alikuwa na kosa gani ambalo mtoto wa Malerkotla hakuwa nalo? Kwamba babu wa babu wa babu yake hakuwapo katika baraza fulani? Ikiwa ndivyo, tumerudi kwa yule ofisa na nyoka wake. Watu wanahesabiwa kwa koo: huyu ukoo wake una deni, achinjwe, huyu ukoo wake unadai, aachwe. Daftari ni moja, tofauti ni ukurasa tu. Na Sher Mohammad Khan, katika ile dakika moja ya maisha yake ambayo dunia inaikumbuka, alichokikataa ni daftari lenyewe. Alisema mtoto haingii katika hesabu ya baba. Kisha wajukuu wake wakaokolewa kwa hesabu ya baba.

Nilimwambia dalali hivyo, kwa Kihindi changu cha filamu, kwa hiyo sina hakika yalimfikia kiasi gani. Alinitazama kitambo. Halafu akanijibu kwa jambo nisilolitarajia: kwamba deni lisingelipwa kama wadeni wangesahau. Wasikh wa vijiji vya jirani ndio waliolitunza neno la nawabu, wakalisimulia kwa watoto wao kila Disemba. "Sisi Waislamu tungeweza kulisahau," alisema. "Wao wasingeweza." Hapo nikaikumbuka methali yetu, mla ndizi husahau, mtupa maganda hasahau, nikaona hapa imepinduliwa. Waliotendewa uovu ndio walioyaweka maganda, wakaweka na ile ndizi moja.

Nisije nikakuonyesha mji wa malaika. Januari 1872 kundi la Wanamdhari, Wasikh wenye msimamo mkali dhidi ya kuchinja ng'ombe, liliuvamia mji huuhuu. Mwingereza mmoja, Cowan, naibu kamishna wa Ludhiana, akawafunga mateka kwenye midomo ya mizinga na kuwalipua bila kesi. Hadi siku ya pili walikuwa wamekwisha kuuawa 66. Mizinga ilitolewa na watawala Wasikh wa jirani. Cowan alifukuzwa kazi, na hayo ndiyo yaliyompata. Wanamdhari wana kumbukumbu yao mjini, na watu hupita mbele yake wakienda sokoni.

Mchana nilikwenda kwenye kaburi la Haider Shaikh, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku yake. Mimi nimelelewa na walimu wasiopenda mambo ya makaburi, na nilipoona vifarasi vya udongo vilivyowekwa nadhiri nilianza kujiombea maghufira kimoyomoyo. Wengi waliokuwa wakiingia walikuwa Wasikh na Wahindu. Mama mmoja mnene, kichwa amekifunika shela ya manjano, alimvua mjukuu wake viatu, akampakata, akaligusisha paji la uso la mtoto kwenye ukuta wa kaburi. Mtoto akapiga chafya kwa vumbi la ubani. Mama akacheka, akamfuta kamasi kwa ncha ya shela iliyokuwa imegusa kaburi. Sikupata fatwa yoyote ya kumtolea.

Usiku nilikuwa nimerudi wodini. Usiku wa kuamkia Ijumaa huwa nasoma Suratul Kahf, desturi niliyoachiwa na marehemu mama, na kaka alitaka asikie. Nikafika kwa Nabii Musa na Khidhri. Nimeisoma sura hiyo zaidi ya miaka 50, lakini usiku ule nilisita katikati. Ukuta. Watoto wawili wa kiume. Khidhri anaukuta ukuta unaotaka kuanguka katika mji ambao watu wake wamewanyima chakula, anausimamisha bila ujira, na baadaye anamweleza Musa kwamba chini yake kuna hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Sirhind walijenga ukuta juu ya watoto wawili kwa sababu ya baba yao. Katika sura hii ukuta unatengenezwa kwa ajili ya watoto wawili kwa sababu ya baba yao. Kwa hiyo wema wa mzazi kumbe hurithiwa? Na Kurani hiyohiyo inatufundisha kwamba hakuna atakayebebeshwa mzigo wa mwenziwe. Wanazuoni watakwambia hakuna mgongano: dhambi hairithiwi, baraka hurithiwa. Nakubali. Lakini naona Musa mwenyewe alishindwa kulielewa tendo lile mpaka alipoelezwa, na Khidhri alisema wazi kwamba hakulifanya kwa amri yake. Hesabu ya baba na mwana ina Mwenyewe. Binadamu akilishika daftari hilo, hata kwa nia ya kulipa wema, kalamu itaponyoka tu, naye aliyeko nje ya mpaka atauawa kwa kuwa hana jina ukurasani.

"Mbona umenyamaza?" kaka akauliza.

Nikamweleza yote, kuanzia figili. Alinisikiliza macho ameyafumba. Yeye ni fundi bomba mstaafu, hana subira na falsafa. "Kwa hiyo ulitaka wawaue na wa Malerkotla, ili hesabu ikae sawa?"

Sikutaka hivyo. Nadhani hukumu yangu ni hii: nawabu alisema kweli, na waliowalipa wajukuu wake walifanya jambo jema kwa hoja mbovu. Hoja aliyowaachia ilikuwa bora kuliko hiyo, nayo ingetosha kumwokoa na mtoto wa Patiala, na mtoto wa Lahore aliyekuwa Msikh. Ilikuwa imesemwa mbele ya watu. Ilikuwa na gurdwara yenye jina lake.

Kaka alipasuliwa Jumatatu iliyofuata, na siku hizi ananikemea kwa simu kutoka Likoni. Na kuhusu dalali: mwisho wa Disemba Wasikh kwa makundi makubwa hukusanyika Sirhind, mahali panapoitwa sasa Fatehgarh Sahib, kuwakumbuka wale watoto. Yeye na wenzake hupakia masufuria kwenye trekta, wakaenda kuwapikia mahujaji wali mtamu. Aliniambia kazi ngumu huko ni kuwasha moto, kwa sababu kuni huwa zimelowa ukungu.