Mfuko wa Safari ya Usiku Mmoja

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewawezesha waja wake kwenda barani na majini, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Kuna mas'ala watu huiona ndogo, nayo si ndogo. Mtu anapofunga mfuko wake kwa safari ya usiku mmoja, vile anavyovitia ndani vina maana gani kwake? Na ni kitu gani kilichompasa kukitengeneza kabla ya kuufunga, naye akakisahau?

Achukuliwe kwa mfano mtu wa Pangani aliyehamia Mwanza kwa biashara, kama walivyohamia wengi wa watu wa pwani tangu zama za misafara, na zaidi baada ya reli kufika mji huo mwaka 1928. Ana haja Ukerewe: anunue dagaa, alale Nansio usiku mmoja, na kesho yake arejee kwa ahali zake. Anatia mfukoni kanzu moja, kikoi cha kulalia, kofia iliyoshonwa kwa mkono, mswaki, tasbihi, na msahafu mdogo uliovingirishwa katika kitambaa.

Mwenye kuvitazama kwa jicho la sokoni ataona vitu vya thamani ndogo. Lakini kila kimoja kina mtu nyuma yake. Kofia aliishona mkewe, tundu kwa tundu, kwa muda wa miezi. Tasbihi alipewa na mwalimu wake siku alipohitimu chuoni. Kitambaa cha msahafu ni kipande cha kanga ya marehemu mama yake. Haja ya usiku mmoja ingetimia kwa kikoi na mswaki. Hivyo vingine amevichukua ili asiwe peke yake ugenini.

Akisema mtu: hii ni kushikamana na dunia, na mwenye kumtegemea Mola wake husafiri mikono mitupu. Jawabu lake ni kwamba kutegemea si kuacha sababu. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu wakidai kuwa wanategemea, kisha wakifika huwaomba watu. Ndipo Qur'ani ikawaamrisha kuchukua masurufu, na ikawajulisha kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Wala kumpenda mke, na kumheshimu mwalimu, na kumkumbuka mama si dunia yenye kulaumiwa. Kilichokatazwa ni kuitakidi kwamba kile kitambaa chenyewe ndicho kinachozuia mawimbi. Kumbukumbu ni halali, na itikadi hiyo ni batili.

Basi ikiwa vitu hivi ni vizuri, upungufu uko wapi? Upungufu uko katika neno moja alilolisema mlangoni alipokuwa akiaga: "Nakwenda na kurudi." Kwa neno hilo ameufunga mfuko kana kwamba marejeo yamo ndani yake, nayo hayamo. Mtu huweza kuchukua kila kilicho chake, ila marejeo yake si mali yake.

Watu wa pwani waliozoea kusi na kaskazi huenda wakalidharau ziwa, kwa kuwa halina chumvi wala kupwa na kujaa kama kwa bahari. Na walikumbuke lililotokea. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, safari ya usiku mmoja tu, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka, nayo imekwisha karibia Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walipita 800, na wengi wao wamezikwa Igoma. Na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, kikitoka Bugolora siku ya soko. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, na waliohesabiwa kuwa wamekufa ni 228. Hiyo haikuwa hata safari ya kulala. Ilikuwa safari ya kwenda sokoni na kurudi nyumbani, na nchi kavu ilikwisha onekana.

Na katika MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Fikiri, ewe msomaji: mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la chombo, na deni lake halimo katika daftari la nyumbani, ni nani atakayesimamia haki za watu zilizokuwa juu yake?

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wameigawa safari kuwa ndefu na fupi. Ndefu ni ile iliyofika marhala mbili, ambazo watu wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi. Humo msafiri hupunguza sala na hufuturu mwezi wa Ramadhani. Kwa kipimo hicho, aendaye Bukoba kutoka Mwanza hupunguza, na aendaye Nansio hapunguzi. Lakini kipimo hiki ni cha ruhusa, si cha haki za watu. Hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba deni hulipwa kwa safari ya marhala mbili na husahauliwa kwa safari ya marhala moja.

Wasia kwa asili yake ni sunna. Lakini mwenye deni au amana isiyokuwa na ushahidi, wasia kwake ni wajibu. Na mwenye kuwekewa amana akitaka kusafiri, humrudishia mwenyewe au wakili wake. Asipowapata, humpa kadhi. Asipopatikana kadhi, humpa mtu mwaminifu. Akiiacha bila hayo ikapotea, iko juu ya dhima yake. Naye Mtume, rehema na amani zimfikie, alimkataza Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala usiku wa pili ila wasia wake umekwisha andikwa. Ibn Umar aliyeipokea hadithi hiyo hakupitisha usiku hata mmoja tangu alipoisikia ila wasia wake uko kwake. Tazama kipimo hicho: hakizidi safari ya kwenda Nansio na kurudi.

Akisema mtu: kukumbuka mauti kila siku ya soko huvunja moyo na huharibu biashara. Jawabu: kinachovunja moyo ni deni lisiloandikwa. Karatasi moja na mashahidi wawili humaliza kazi hiyo kabla ya chai ya asubuhi, kisha mtu hupanda chombo kwa moyo mwepesi na hununua dagaa zake kwa bei aipendayo.

Na yule mtu wa Pangani anaipenda kofia kwa sababu ya mkewe. Basi kama ampenda mkewe, asimwachie kofia zake na wadai asiowajua. Anaithamini tasbihi kwa sababu ya mwalimu wake. Basi kama amthamini mwalimu, na ayatende aliyofundishwa naye katika mlango wa amana. Vitu alivyovifunga ni shahidi kwamba moyo wake una watu ndani yake, nazo haki za watu hao hazibebeki mfukoni. Hubaki nyumbani, zikiwa zimeandikwa au zikiwa zimepotea.

Kwa hiyo na aufunge mfuko kama mtu atakayerudi, na aiache nyumba kama mtu asiyerudi. Akirejea kesho yake, karatasi haikumdhuru kitu. Na asiporejea, itasema kwa niaba yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofia majini, awalipie waliokufa na madeni nao walinuia kuyalipa, na awarejeshe salama wasafiri wa Kiislamu kwa ahali zao. Amin.