Mkaa kwenye Ukuta wa Stesheni

Fundi rangi alikuwa amefika nyuma ya ghala la mizigo, stesheni ya Korogwe, aliponikuta nimesimama mbele ya ukuta.

"Dada, haya ni masizi tu, au kuna mtu anayahitaji?"

Hayakuwa masizi. Zilikuwa hesabu za bibi yangu, vistari vya mkaa alivyochora enzi alipokuwa akiwauzia chai na mayai ya kuchemsha wafanyakazi wa gengi. Bibi hakwenda shule. Kila aliyekopa alikuwa na safu yake na alama yake: kofia, koleo, bendera. Mshahara ukitoka, mtu analipa, Bibi anafuta. Treni ya abiria ilipokoma miaka ya 1990, wengi wao walirudi makwao na safu zao zikabaki, zimekingwa mvua na paa.

Sasa ulikuwa mwaka 2019 na treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilikuwa inarudi. Nilifurahi kama kila mtu mjini. Lakini nilimwomba fundi aanze upande mwingine.

Tunaposema tunalirudisha jengo la kale katika hali yake, ni hali ya siku ipi? Reli hii ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899 na kuifikisha Korogwe 1902. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1898, ikaja kodi ya nyumba, na asiye na fedha alilipa kwa jasho. Baadaye reli ikabeba katani iliyokatwa na manamba mpaka bandarini Tanga. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kupitia Mnyusi na Ruvu, ikawa ya mtu anayekwenda Dar kumwona nduguye. Rangi mpya haichagui kati ya siku hizo. Inazifunika zote, na jengo linaonekana kama halidaiwi kitu.

Nikaenda kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi. Wanataka kupaka rangi ule ukuta wako."

"Marahaba. Treni inakuja kweli?"

"Inakuja."

"Basi waache wapake. Mimi nilikuwa nasubiri treni, mjukuu wangu, sikuwa nasubiri ukuta."

"Na wale waliokukopa?"

Alinyamaza kidogo. "Walikula wakiwa na njaa. Nimewasamehe zamani, sema sikuwa na nguvu ya kwenda kufuta."

Nilirudi nikamwambia fundi apake. Alipaka mara mbili, maana mkaa ulikuwa unachungulia.

Neno la Bibi lilinitua mzigo mmoja na kunitwisha mwingine. Deni husamehewa na anayedai, wala si na mtu aliyepita karibu. Bibi alikuwa hai, akaulizwa, akasema. Waliobeba vyuma vya reli hii hadi Korogwe hawakuchora safu ukutani, na hakuna tena wa kumwendea na shikamoo kuuliza kama tupake. Mimi siwezi kusamehe kwa niaba yao, hata nikiwa mjukuu wa mmoja wao.

Kuna atakayesema: basi jengo liachwe lianguke. Sikubaliani naye. Stesheni ikianguka haimlipi yeyote, na ikisimama angalau inawasafirisha wajukuu wao. Ninachokataa ni kuliita jengo zuri halafu tukaishia hapo. Deni lisiloweza kulipwa linaweza bado kutajwa.

Kwa hiyo nikiwa na mtoto pale stesheni tukisubiri treni, huwa nampeleka nyuma ya ghala. Ukuta ni mweupe, hamna kitu cha kuona. Ananiuliza tumekuja kutazama nini, nami naanza na bibi yangu, kisha narudi nyuma hadi 1893, mpaka tusikie honi.