Usawa wa Kupunguziana

Tuanze na matairi. Falsafa itajileta yenyewe.

Kule Ujerumani kuna njia ya mbio iitwayo Nürburgring Nordschleife. Mzunguko mmoja ni karibu kilomita 21, na siku zinazoruhusiwa mtu wa kawaida hulipa kiingilio akaingia na gari lake lile lile la kwendea kazini. Wengi huingia na vigari vinavyovutwa na magurudumu ya mbele. Gari la aina hiyo lina uonevu tangu kiwandani: matairi ya mbele yanabeba injini, yanavuta, yanakata kona, na kazi kubwa ya breki ni yao pia. Ya nyuma yanafuata tu. Basi ukiingia kona kwa kasi, ya mbele ndiyo yanayoshindwa kwanza; unazungusha usukani, gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja.

Dawa iko kwenye upepo. Tairi likipata moto, upepo wa ndani unapanda, takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo dereva anayejua huanza na upepo pungufu kidogo, anazunguka, anatoka, anapima matairi yangali moto. Ukizidi, tairi linavimba na sehemu inayogusa lami inapungua. Ukipungua mno, mbavu zake zinapindapinda, zinachemka, linaweza kupasuka. Sasa tuseme ya mbele yamefika pale pazuri kabisa na bado gari halikati kona. Dereva anafanyaje? Anaongeza upepo nyuma. Yaani anayajaza makusudi ili yashike lami vibaya zaidi! Mkia unalegea, pua inageuka, gari linakuwa jepesi mkononi.

Mwaka 1991 mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika mhadhara Chuo Kikuu cha Kansas, alieleza hoja moja inayosumbua: kama usawa wenyewe ni kitu chema, basi kuwapofusha wenye macho, bila vipofu kupata hata chembe, kuna uzuri fulani ndani yake. Nani atakubali? Lakini gari letu linaonekana kukubali. Ya nyuma yamepunguziwa, ya mbele hayakuongezewa kitu, na mambo yamekuwa mazuri.

Mimi nasema, ngoja kwanza. Tairi haliumwi, wala halina maisha yake. Yote manne yana mwenye mali mmoja na safari moja. Ukimwachisha shule binti anayefaulu ili kaka yake asijisikie vibaya, gari gani hapo limekata kona? Wanaopenda kutuambia eti jamii ni mwili mmoja, hapa ndipo wanapotupiga chenga.

Na hata kwenye gari hesabu haijaisha. Mkia uliolegezwa kwa ajili ya lami kavu hausamehe mvua: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, gari linageuka kutazama lilikotoka. Nordschleife ni ndefu kiasi kwamba upande mmoja unaweza kunyesha na mwingine jua likawaka. Na kiti cha abiria mara nyingi kina mtu, rafiki au mdogo wake, aliyepanda huku akicheka. Dereva amechagua, huyu amechaguliwa. Jioni watarudi nyumbani kwa matairi yale yale, na geji imo kwenye kisanduku, mbele ya magoti ya abiria.