Mzee asipoweza kukimbia

Kule kwetu Kashuga, nguvu za mtu zinaonekana asubuhi mapema. Mwenye nguvu anachukua jembe na kupanda mlima. Jioni anarudi na mzigo wa kuni ama wa mihogo. Mtu anajulikana kwa miguu, mgongo na mikono yake. Siku miguu inapoanza kutetemeka, siku anapumzika mara tatu pale alipokuwa anapita bila kusimama, swali linaingia ndani ya nyumba hata kama hakuna anayelitamka: mtu huyu sasa ni wa nini?

Mababu walikuwa na jibu. Kwao kazi ilihama, mtu akabaki. Mzee asiyeweza tena kulima alikaa barza, akakata maneno ya mipaka ya mashamba, ya mahari, ya mbuzi waliokula mimea ya jirani. Mama mzee alilea wajukuu na kuchagua mbegu za maharagi. Walipewa pahali karibu na moto, chakula laini, na mtoto wa kuwashika mkono njiani. Haikuwa huruma tu, ulikuwa mpango.

Jibu hilo ni zuri, lakini tuseme kweli: halitoshi. Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, Amadou Hampâté Bâ wa Mali alifananisha kifo cha mzee na maktaba inayoungua, na wasomi wetu wanapenda kulirudilia neno hilo. Lakini kama mzee anaheshimiwa juu ya yale anayoyajua, tutasema nini juu ya yule aliyeanza kusahau hata majina ya watoto wake? Na yule aliyekimbilia kambini, ambako hana shamba la kuonyesha mpaka wake? Tukitoa thamani ya mtu miguuni na kuiweka kichwani, tumebadilisha mzani tu. Kichwa nacho kinachoka.

Vita ndivyo vimetuweka uso kwa uso na swali hili. Tangu Machi 1993, mauaji yalipoanza Ntoto kule Walikale na moto ukafika Masisi, watu wa milima yetu wamekimbia mara nyingi. Mama aliyekuwa na miaka 40 mwaka ule alikimbia na mtoto mgongoni. Leo amepita 70, na mtoto yule ana watoto wake wa kubeba. Risasi zikilia, mama anasema: «Muniache hapa. Mukimbie na batoto. Miye nimeshakula miaka yangu.»

Je, neno hilo linatufungua? Wengine wanasema ndiyo: ni mtu mzima, amechagua, na mgongo mmoja haubebi watatu. Sisi hatutamhukumu aliyeondoka hivyo na mtoto mgongoni. Yeye mwenyewe anajua usiku analala namna gani. Lakini tusifanye haraka kusema kwamba mama amechagua. Mara nyingi alifundishwa kulisema neno lile, tena wakati wa amani. Alifundishwa kila alipokatwa maneno, kila aliposikia «mzee anakula tu», kila alipoachwa nyumbani wengine wakienda arusi juu ya kuwa anachelewesha safari. Siku ya risasi anaturudishia hesabu tuliyomfundisha sisi.

Lakini desturi yetu ina hesabu nyingine, nayo ni ya kipoyi. Pale gari haliwezi kufika, mgonjwa analazwa juu ya machela ya miti, na wanaume wanapokezana mabegani mpaka kwenye matibabu. Hakuna anayeuliza amelima kiasi gani, ama akipona atalipa nini. Mabega yanayombeba mama mjamzito ndiyo yanayombeba mzee asiyejua tena yuko wapi. Hujafa hujaumbika: anayebeba leo anajua kwamba bega lake nalo litachoka. Juu ya kipoyi mzee habebwi kwa sababu ni maktaba. Anabebwa kwa sababu ni mtu wetu.

Sheria nazo zimesema. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa 1981, kifungu cha 29, unatuagiza kuwaheshimu wazazi na kuwatunza wakihitaji. Ni vizuri, lakini karatasi haina mabega.

Kwa hiyo tunaomba kila mtaa upatane wakati bado kuna utulivu: nani atambeba nani, kipoyi kiko wapi, chukudu ya nani itatumika, na wazee waondoke mapema pamoja na watoto, kabla mlio haujakaribia. Mzee mwenyewe aulizwe akiwa ameketi na wengine, moto unawaka, si mlangoni wakati wa mbio. Akisema hapo kwamba anataka kubaki, tutajua kwamba neno ni lake.