Anatibiwa Nani?

Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11, kisha huzaa kwa haraka: tangu chupa ipasuke hadi mtoto atoke, kwa kawaida haipiti nusu saa. Nguvu ya kusukuma ni kubwa mno. Na kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana, mara chache hutokea kibofu kikapinduka kama soksi na kuning'inia nje. Hapo hakuna mjadala. Daktari wa mifugo humchoma ganzi ya mgongo, hukisafisha kibofu na kukirudisha mahali pake. Mnyama anaumia, anasaidiwa.

Lipo tatizo jingine la mkojo, la kimyakimya. Farasi aliyezaa mara nyingi hulegea. Uke wake huinamia ndani, na mkojo, badala ya kutoka wote, hutuama karibu na mlango wa kizazi. Huua mbegu za dume na kuudhuru mji wa mimba. Mwenyewe huenda anakula na kukimbia kama kawaida. Kinachomsumbua mwenye farasi ni kwamba hashiki mimba. Basi hupasuliwa, mrija wa mkojo ukarefushwa kwa kushona nyama ya uke, na mshono ukiachia, hupasuliwa tena.

Hapa anatibiwa nani?

Mtetezi atasema: asiposhika mimba atauzwa, pengine achinjwe, kwa hiyo kisu cha daktari kinamwokoa. Hoja hii ni nzito, lakini tazama inakiri nini. Hatari anayookolewa nayo haikutoka mwilini mwake, imetoka kwetu. Tena kuzaa ndiko kulikochangia kumlegeza, nasi tunamshona ili azae tena.

Sisemi upasuaji huo ni dhambi. Nasema tuwe na kipimo: je, tungemfanyia hata kama tungejua hatazaa tena? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni tiba. Likiwa hapana, hayo ni matengenezo, kama ya gari la biashara. Tofauti ni kwamba gari halihisi uchungu wa mshono. Anayelipa kwa maumivu ili mwingine apate faida anadai kitu: walau malisho na uzee wa amani, mimba ije isije.

Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Kwa farasi huyu, anayetenda fadhila ni yeye. Mateke ni yetu.