Gogo la Mti wa Mji

Mti uangushwapo mjini kwa sababu ya barabara, nyaya za umeme au hofu ya dhoruba, swali la kwanza huulizwa na watu wengi: je, ilikuwa haki kuukata? Swali la pili huulizwa na wachache: gogo lake lifanywe nini? Mara nyingi shoka ndilo hujibu. Mjakaranda wa miaka 60 hupasuliwa kuni kwa alasiri moja, na moto wake huzimika kabla ya juma kwisha. Penye miti hapana wajenzi.

Kwetu Manga, mtu akikata mgrevilea wa mpakani mwa shamba lake hapotezi kitu: shina huwa mbao, matawi huwa kuni. Aujali kwa kuwa ni wake. Mti wa mji ni wa wote, na kila kilicho cha wote huelekea kutendewa kama kwamba hakina mwenyewe. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Thamani imo. Wachonga vinyago wa Ukambani waliupenda mpingo hata ukawa adimu, maana huchukua zaidi ya nusu karne kukomaa. Dhiki ikawafunza kuchonga mwarobaini, mwembe na mjakaranda, na kazi zao zikapata wanunuzi. Kweli, gogo la mji lina taabu zake. Misumari ya mabango iliyomezwa na shina huvunja meno ya msumeno. Ncha za gogo hupakwa rangi zisipasuke, na mbao hupangwa kivulini miezi mingi, vijiti katikati, hewa ipite. Lakini karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni: ikichomwa hurudi hewani siku ile ile, ikiwa dawati, hukaa darasani miaka.

Hata hivyo, mwanafunzi, tahadhari. Gogo likiwa mali, hakosi kupatikana mtu wa kuona ugonjwa katika mti mzima. Mwezi wa Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkongwe wa Waiyaki Way, Westlands, ulinusurika kwa amri ya Rais. Mbao za mugumo ni laini, wala seremala hazitamani. Mti ule uliokolewa kwa umri na heshima yake. Basi thamani ya mti haiishi katika mbao.

Kwa hiyo mambo mawili yatenganishwe. Aamuaye mti ukatwe asiwe yule afaidikaye na gogo. Na gogo, likiisha kuanguka, lirudi kwa wale waliokuwa wakipumzika kivulini: liwe dawati la shule au benchi la zahanati. Kuuhifadhi mti uliosimama ni wajibu wa kwanza. Kuutumia vema ulioanguka ni wajibu wa pili, wala wa pili usifanywe kisingizio cha kuuvunja wa kwanza.