Waliberali na Dhamiri ya Mtu

Mwaka 1812, wakati majeshi ya Napoleon yameuzingira mji wa Cádiz, na Mfalme Fernando VII yu mahabusi nchini Ufaransa, wajumbe wa Hispania waliokutana katika kanisa la San Felipe Neri, na mapadri si haba miongoni mwao, walipitisha katiba iliyonadi kwamba mamlaka ni ya taifa, wala si milki ya ukoo wowote. Na kundi lililoshikilia rai hiyo ndilo lililojulikana kwa jina la waliberali, jina lililokuja kuenea Ulaya nzima. Lakini msomaji akifika ibara ya 12 ya katiba hiyo hiyo atakuta imekatwa shauri kuwa dini ya taifa ni ya Kikatoliki daima dawamu, na ibada ya dini nyingine yoyote ni marufuku. Tusiharakie kuwaita wanafiki, kwani aliyekwisha kuonja dhuluma ya kiti cha enzi si lazima aihofu ya madhabahu. Naye Fernando, aliporejea mwaka 1814, aliifuta katiba, akamfunga hata Padri Muñoz Torrero, aliyekuwa ameinadi mamlaka ya taifa siku ya kwanza ya baraza.



Ajabu zaidi ni Ujerumani, ambako waliberali walio wengi walimuunga mkono Bismarck mwaka 1872 kuzifunga nyumba za Wajesuiti, na mwaka uliofuata sheria za Prussia zikayaweka mafunzo na uteuzi wa mapadri chini ya serikali, hata maaskofu waliokaidi wakatiwa gerezani. Hofu ya waliberali hao haikuwa ya bure, maana Papa Pius IX alikuwa ameulaani uliberali waziwazi mwaka 1864. Hata hivyo Eduard Lasker, Myahudi, naye mliberali wa chama kile kile kilichomtegemeza Bismarck, aliipinga sheria ya Wajesuiti, ingawa hakuwa na udugu wa imani nao; nami naona yeye ndiye aliyeitambua haki ilipo, kwani sheria ile haikumshitaki mtu kwa tendo alilolitenda, bali kwa utawa aliouchagua.